Bi Opereta na Gari la Mkwewe

Siku ya kwanza ya kukaa kwa binti yake, Bi Opereta aliamkiwa na miguu.

Alikuwa ametoka sebuleni taratibu, mkongojo mkononi, goti la kulia limefungwa bandeji baada ya kupasuliwa, anatafuta mahali pa kupata hewa. Binti yake, muuguzi mkuu wa wodi ya upasuaji, alikuwa amemkalisha kwenye kochi kwa amri kabla ya kwenda kazini: asipande ngazi, asiiname, asinyanyue hata sufuria. Mlango wa nyuma ya jiko ulikuwa wazi. Akaufuata, akajikuta gereji. Na hapo, chini ya kitu kilichofunikwa turubai nusunusu, ilitokeza miguu miwili ya mwanamume yenye soksi zisizofanana.

"Shikamoo, Mama," miguu ikasema.

Bi Opereta akasimama. Tangu azaliwe hajapata kuamkiwa na mtu asiye na uso.

"Mimi siitikii nyayo," akasema. "Toka huko uniamkie kama mtu."

Miguu ikapapatika, pakasikika kishindo cha kichwa kugonga chuma, kisha Daktari akajiburuta nje, paji la uso lina alama ya grisi. Alikuwa daktari wa meno, mwembamba, mpole, mwenye adabu ya kupitiliza. "Shikamoo, Mama," akarudia, mkono mmoja kichwani.

"Marahaba, Daktari. Pole na kichwa."

Na hapo maneno yakawaishia, kama kawaida yao. Tangu Daktari amwoe binti wa Bi Opereta, watu hawa wawili walikuwa wameishi kwa salamu. Habari za safari, nzuri. Karibu chakula, asante. Usiku mwema, na kwako. Hawakuwahi kugombana, kwa kuwa hawakuwahi kuzungumza.

Bi Opereta alikuwa na lake moyoni. Jina hilo alilipata kazini, alikokaa miaka mingi kwenye ubao wa kuunganishia simu, masikioni ana vipokea sauti, mdomoni ana "subiri kidogo, nakuunganisha". Kazi ile ilimfundisha kumpima mtu kwa sauti, na sauti ya mkwewe aliipima mapema: huyu ni mtu wa kuanza. Kuanza anajua, kumaliza mwiko. Kama kulikuwa na ushahidi, basi ushahidi wenyewe ulikuwa pale chini ya turubai: gari la spoti la zamani, la viti viwili, lililonunuliwa likiwa mkweche wajukuu bado wadogo. Sasa wajukuu wako vyuoni, na gari bado ni vipande. Kila alipokuja kutembea alimwuliza kwa upole wenye miiba, "Gari limefika wapi, Daktari?" Naye hujibu, "Linaendelea, Mama." Linaendelea wapi, wakati halina hata magurudumu?

Siku zile za mwanzo Bi Opereta alijitahidi kuwa mgonjwa mwema. Alikaa. Alitazama dari. Alitazama televisheni mpaka akawajua wasoma habari kwa mikunjo ya mashati yao. Binti yake alirudi jioni, akampima presha, akamwuliza kama amefanya mazoezi aliyoandikiwa na mtaalamu, yale ya kusukuma kwa unyayo na kuachia, kusukuma na kuachia.

"Nimefanya," Bi Opereta alijibu, na alikuwa hajafanya hata moja. Kukaa kitini ukiusukuma ukuta kwa mguu kama mwendawazimu hakukumwingia akilini.

Alasiri moja kukaa bure kukamshinda. Daktari kliniki yake aliiendesha asubuhi, mchana akamwachia mwenzake, kwa hiyo saa hizo alikuwa gereji, na kutoka huko ilisikika redio kwa mbali na sauti ya kitu kikisuguliwa. Bi Opereta akafuata sauti. Safari hii mkwewe alikuwa ameketi juu ya ndoo, akiipiga msasa pete ya chuma iliyojaa kutu.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Pete ya taa ya mbele, Mama. Iko nyingine pale, ya upande wa pili."

"Niletee kiti."

Daktari akasita. "Mama, mwenye nyumba akijua..."

"Mwenye nyumba nimemzaa mimi. Lete kiti. Na hiyo pete."

Kikaletwa kiti chenye egemeo, kikawekewa mto, na ndoo ikapinduliwa ili mguu upate pa kuegemea. Bi Opereta akatandika gazeti mapajani, akashika kipande cha msasa, akaanza. Mwanzo ilikuwa vumbi jekundu tu na vidole kuwasha. Kisha, pembeni kabisa, kikatokea kijialama cheupe kama jino la mtoto. Akasugua zaidi. Kikapanuka. Chuma kilichokuwa kimejificha miaka yote kikaanza kumchekea, na Bi Opereta akahisi raha ambayo hakuwa ameipata tangu alipoachana na ubao wake wa simu. Alipoinua kichwa jua lilikuwa limeshahamia upande wa pili wa dirisha.

"Tazama hii," akasema, akiinua pete.

Daktari akaichukua kwa mikono miwili, akaigeuza kwenye mwanga. "Mama," akasema kwa sauti ya mshangao wa kweli, "yako imeng'aa kuliko yangu."

"Najua," Bi Opereta akasema. "Leta kingine."

Ndivyo siri yao ilivyoanza. Binti alipotoka asubuhi aliacha mgonjwa kochini. Aliporudi jioni alimkuta mgonjwa kochini. Kilichotokea katikati kilikuwa cha watu wawili. Dakika chache kabla ya lango kulia, Bi Opereta alikuwa anafuta mikono kwa mafuta ya taa, anajimwagia manukato juu ya harufu ile, anaketi na kujitia kusinzia. Siku moja binti aliinusa hewa akauliza, "Mama, mbona unanukia kama jiko la mafuta?" Daktari akakohoa mpaka akatoka nje.

Huko gereji, mkwewe alikuwa mtu mwingine. Bubu wa mezani alikuwa na mdomo! Alimweleza gari lilivyokuwa, jinsi lilivyokutwa nyuma ya ghala na kuku wametagia kwenye kiti cha dereva. Alimweleza kwa nini bonneti ni ndefu hivyo, kwa nini injini ina kabureta mbili badala ya moja, na jinsi mtu anavyokaa chini kabisa, karibu na lami, mpaka mwendo wa polepole unauona kama unaruka. Alizungumza kwa mikono. Bi Opereta akamsikiliza, na masikio yake yale ya kazi yakagundua jambo: hii haikuwa sauti ya mtu wa kuanza tu.

"Sasa, Daktari," akamwuliza siku moja bila miiba, "kama unalipenda hivi, mbona hulimalizi?"

Daktari akawa anafuta spana iliyokwisha kuwa safi. "Kuna kazi za mikono minne, Mama. Mimi nina miwili. Mke wangu akirudi amechoka, siwezi kumwambia aje akanyage pedeli. Watoto walipokuwa hapa walikuwa na masomo. Basi nikifika kwenye kazi ya watu wawili, narudi kwenye ya mtu mmoja. Nimeshapiga msasa vitu vingine mara tatu."

Bi Opereta alitazama mikono yake mwenyewe, kucha zimejaa weusi, akaihesabu na ile ya mkwewe.

"Hiyo ya kukanyaga pedeli," akasema. "Inakanyagwa vipi?"

Ilikuwa kazi ya breki. Hewa ilikuwa imeingia kwenye mabomba, ilibidi itolewe: mmoja akae ndani akanyage, mwingine awe pale gurudumu linapofungwa, na spana, afungue skrubu ndogo ili mafuta yatoke na mapovu yake, aifunge kabla mguu haujaachia. Bahati nzuri gari lilikuwa juu ya stendi, kwa hiyo Bi Opereta hakulazimika kushuka chini. Aliingia kama anayekaa kitini, akawekwa juu ya mto wa kochi kuukuu, maana viti vyenyewe vilikuwa bado kufungwa. Mbele yake usukani mwembamba wa mbao. Akaushika, hivi hivi tu, kuona unavyoshikika. Unashikika vizuri.

"Kanyaga, Mama. Polepole."

"Nimekanyaga."

"Shikilia."

"Nimeshikilia."

Kutoka kona ya nyuma pakatoka mlio kama wa mtu anayenyonya chai ya moto.

"Achia."

Baada ya mara chache Bi Opereta akaichukua kazi ile kama iliyokuwa yake siku zote. "Laini iko wazi," akatangaza kwa sauti ya ubao wa simu. "Zungumza." Daktari akiwa kule nyuma alicheka mpaka akamwagikiwa mafuta ya breki kwenye kiatu. Walikwenda kona hadi kona ya gari, na kesho yake wakarudia, kwa kuwa bado pedeli ilikuwa laini kama andazi, na siku ya tatu tena. Mwisho Bi Opereta alikanyaga, pedeli ikagoma katikati, ngumu, imara.

"Imeshika!" akapiga kelele.

"Imeshika?"

"Imeshika, nakwambia! Njoo ukanyage mwenyewe!"

Wiki hiyo binti alimpeleka hospitali kukaguliwa goti. Mtaalamu akalikunja, akalikunjua, akamwambia asukume kiganja chake kwa unyayo. Bi Opereta akasukuma, mtaalamu akarudi nyuma na kiti chake cha magurudumu mpaka ukutani.

"Mama, hongera! Wengi hawayafanyi haya mazoezi. Wewe ni mfano."

"Nafanya kila siku," Bi Opereta akasema, na safari hii hakuwa anadanganya. Binti yake akavimba kwa fahari, akisema yote ni kufuata masharti. Bi Opereta akatazama dirishani asije akacheka.

Kazi ikashika kasi. Watu wawili wakishazoeana, kilichokuwa mlima kinakuwa mchezo. Viti vikafungwa, na magurudumu pia. Radieta ikajazwa maji, haikuvuja, ikavuja, ikachomelewa. Pete za taa zikarudi mahali pake, na gari, jekundu lililokolea kama damu ya mzee, likaanza kutazama. Na kadiri kazi ilivyosonga, ndivyo adabu ilivyopungua. Bi Opereta alianza kumkaripia mkwewe waziwazi. "We, hiyo bisibisi umeitupa wapi? Nimekwambia kila kitu mahali pake!" Naye Daktari, ambaye zamani angenywea, alijibu, "Umeikalia wewe, Mama." Na kweli alikuwa ameikalia.

Ikafika siku ya injini. Daktari akamimina petroli kidogo kutoka kwenye kigaloni, ya kujaribia tu, akafunga betri, akageuza ufunguo. Injini ikaguna. Akageuza tena. Ikaguna, ikapiga chafya, ikatoa moshi mweusi, halafu ikawaka, lakini kwa kutetemeka, inakohoa na kuchechemea mpaka spana zikaanza kutembea zenyewe mezani.

"Kabureta hazipatani!" Daktari akapaza sauti. "Moja inavuta hewa nyingi, nyingine kidogo. Kuna mpira hapa. Unaweka ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza mvumo. Ikilingana, basi." Akachukua kipande cha mpira, akasikiliza huku, akasikiliza kule, uso ukamshuka. "Mimi siwezi kuzitofautisha. Mashine ya meno imeniua sikio hili. Zote nazisikia sawa."

Bi Opereta akanyoosha mkono. "Nipe."

Alikuwa amevaa ovaroli la mkwewe, mikono imekunjwa, kitambaa kichwani. Akaegemea ubavu wa gari, akauweka mpira sikioni, akafumba macho. Aliusikia mvumo, na ndani ya mvumo akasikia sauti nyembamba, kama zile simu za mbali sana ambazo wenzake walizikata wakidhani hakuna mtu, kumbe mtu yupo. "Hii iko juu," akasema. "Hii iko chini. Zungusha. Kidogo. Umezidisha, rudi. Rudi tena..."

"Mama!"

Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa gereji, bado ana sare ya kazi, pochi begani. Siku hiyo alikuwa ametoka mapema.

Bi Opereta hakufumbua macho. Aliinua kidole kimoja. "Subiri kidogo," akasema. "Laini ina watu."

Daktari akabaki na bisibisi mkononi, rangi imemtoka. Akamtazama mkewe, akamtazama mama mkwe, akachagua. Akazungusha skrubu kidogo sana.

"Hapo!" Bi Opereta akasema.

Na injini ikatulia. Haikukohoa tena, haikutetemeka. Ilinguruma sauti moja, nzito na tamu, mpaka kikombe cha chai juu ya benchi kikaacha kugongana na sahani yake.

Hasira binti alikuwa nayo, ilionekana inapanda. "Goti lako," akaanza. "Mgonjwa wangu... na wewe, Baba nanihii, umempa mgonjwa wangu..."

"Ilikuwa mazoezi," Daktari akasema kinyonge. "Ya kusukuma na kuachia."

Binti akamtazama mama yake, ovaroli, kitambaa, shavu lenye grisi. Akatazama pedeli ya breki. Akamkumbuka yule mtaalamu alivyosukumwa mpaka ukutani. Kicheko kikamponyoka puani kwanza, akakizuia, kikampasukia mdomoni, akalazimika kukaa juu ya sanduku la spana na sare yake nyeupe. Alipopata pumzi alinyoosha mkono akaugusa mlango mwekundu uliokuwa unatetemeka taratibu.

"Linawaka," akasema, kana kwamba hakuna aliyekuwa ameliona. "Mume wangu, linawaka kweli."

"Linawaka, mke wangu."

"Sasa litapita wapi?"

Wakageuka wote watatu. Milango ya gereji ilikuwa inafunguka nje, na nje yake, ukivuka kizingiti tu, palikuwa na bustani ya maua iliyozungushiwa matofali. Bi Opereta aliiona kila siku na kuisifu. Hakuna aliyewahi kufikiria kwamba iko njiani, kwa sababu hakuna aliyefikiria kutakuwa na njia.

"Nilipanda kwa hasira," binti akakiri. "Kila aliponiambia mwezi ujao limekwisha, nilipanda ua moja."

Daktari akaitazama bustani ile, ilivyosongamana. "Mengi," akasema.

"Umenichokoza sana."

Jumamosi ilipofika, mtu wa kwanza kuamka alikuwa binti, na jembe lilikuwa mkononi mwake. Hakutaka kusaidiwa. Alichimba maua yake moja moja na udongo wake, akayahamishia kando ya uzio, na Daktari akang'oa matofali, na Bi Opereta akakaa kivulini na glasi ya maji akiwaelekeza wote wawili vibaya. Udongo ukasawazishwa, mbao zikalazwa. Gari likatoka mzimamzima kwenye jua, jekundu, refu, chini kama paka anayenyemelea, na wote wakalizunguka, maana hawakuwa wamewahi kuliona lote kwa pamoja.

"Ingia, mke wangu," Daktari akasema, akafungua mlango.

"Nani, mimi? Mimi nilikuwa mpinzani. Mwenye kazi yake ndiye aingie."

Kuingia kwenyewe kulikuwa shughuli. Gari sasa lilikuwa chini, na Bi Opereta ilibidi atangulize makalio, adondoke kitini kama gunia, kisha aingizwe miguu na watu wawili huku akicheka na kutoa maagizo. Akafunga mtandio chini ya kidevu. Wakatoka lango.

Ilikuwa kama alivyoambiwa. Lami ilipita karibu na kiwiko. Upepo ulimwingia mdomoni kila alipotaka kusema, kwa hiyo akaacha kusema, akacheka tu. Walipita duka la dawa, wakapita kwa fundi viatu. Kinyozi alitoka mbio na mashine mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja, shuka bado shingoni. "Mama wee!" kinyozi akaita. Bi Opereta akapunga mkono kama anayepita kwenye gwaride. Wakazunguka mtaa wa kwanza, wa pili, wakakata kona ya tatu, Daktari ameshika usukani na meno yote nje, yeye ambaye kazi yake ni meno ya wengine.

Wanarudi, mbele ya kinyozi yule yule, gari likapiga chafya. Likaguna. Likanyamaza. Likateleza mpaka likasimama.

Bi Opereta akasikiliza. "Hii si kabureta," akasema. "Daktari, mafuta uliweka lini?"

Daktari akajishika kichwa. Furaha ilimsahaulisha. Gari lilikuwa bado linakunywa kile kigaloni cha kujaribia.

"Basi tutasukuma," akasema. "Si mbali."

"Mtasukuma," Bi Opereta akamrekebisha. "Mimi nina goti."

Na kwa kuwa mtu asiyeweza kusukuma ndiye pekee aliyebaki kushika usukani, akahamishwa kiti. Daktari akaenda nyuma na kinyozi. Mteja wa upande mmoja akajiunga na shuka lake. Fundi viatu akaacha kiatu cha watu. Gari likasogea. Bi Opereta akauvuta usukani kidogo kulia, na gari zima, na bonneti yote ile ndefu, likamsikiliza. Akauvuta kushoto. Likamsikiliza tena. Hakuwa amewahi kuendesha kitu maishani, hata baiskeli.

"Mama, unaweza!" mkwewe akaita kutoka nyuma, akihema.

"Usiniambie kama sijui! Sukuma!"

Binti alikuwa langoni anawasubiri. Aliona kwanza gari, halafu aliona nani yuko kwenye usukani, akashika kiuno. Lango lilikuwa wazi kabisa, pana, linakaribisha. Bi Opereta akalipita.

"Mama! Umepita nyumbani!"

"Nimeona!" Bi Opereta akajibu bila kugeuza kichwa, mikono yote miwili kwenye mbao ile laini. "Nazunguka mara moja tu!"

Nyuma, kinyozi na wenzake walikuwa wanacheka na kulalamika kwa pamoja. Binti akavua ndala, akazitupa ndani ya uwanja, akakimbia peku mpaka akamfikia mumewe, akaegemeza mabega kando yake.

"Huyu sasa ni mama yako," akamwambia, akisukuma.

"Nimeshajua," Daktari akasema, na jasho likimtiririka akainamisha kichwa, akasukuma kwa nguvu zaidi, maana kule mbele Bi Opereta alikuwa amegundua honi.